Mwendo wa Christella

Christella alikuwa na ugomvi na mlango. Msicheke kwanza. Ukumbi waliokuwa wakifanyia mazoezi pale Kimisagara una mlango mmoja mkubwa, nyuma kabisa ya viti, unaotazamana uso kwa uso na jukwaa, na mlango huo ndio uliokuwa ukimharibia okestra yake.

Maana wapigaji wake karibu wote walifunzwa na Mwalimu Viateur, kanisani. Na kanisani, wakati wa matoleo, muziki unawasindikiza watu mpaka altareni. Mama akija taratibu na kikapu cha maharage kichwani, nanyi mnapiga taratibu. Akisimama kujifunga kitenge vizuri, mnaivuta noti mpaka amalize. Mwalimu aliwazoesha hivyo tangu wadogo: macho kwenye njia ya katikati, miguu ya watu ndiyo mwendo wenu. Na walipendeza, tusiwavunjie heshima. Lakini sasa walikuwa wanaandaa konseti, na kipande cha mwisho kilikuwa dansi ya arusi. Jamani, dansi ya arusi kwa miguu ya mama mwenye maharage, si bibi arusi atasinzia?

Mlango ukifungwa kwa komeo, wote walikitazama kijiti alichoongozea Christella na dansi ikawaka moto. Mtu akiingia tu, hata fundi wa taa, macho yanamkimbilia na mikono inayafuata macho. Na aliyeingia mara nyingi kuliko wote ni Mwalimu Viateur mwenyewe, na fimbo yake na magoti yake mabovu. Kwa hiyo, masikini, hakuwahi kuisikia dansi ile ikiwa imechangamka hata siku moja.

"Christella mwanangu, hii mwendo iko ya wendawazimu," alimwambia. "Watu hawaiwezi. Jumapili ikizorota tena, narudi mwenyewe kuongoza."

"Sawa, Mwalimu."

Angejibu nini? Utamwambiaje mtu aliyekufundisha kushika fidla kwamba kinachozorotesha ni miguu yake? Na okestra hii aliipenda kufa.

Jumapili alasiri, siku ya konseti, ukumbi ulifurika hadi watu wakakaa madirishani. Mlango, bila shaka, ulikuwa wazi. Huwezi kuwafungia wageni komeo. Kabla ya dansi, Liliane, mshonaji wa Nyakabanda aliyeongoza fidla, aliinama akamnong'oneza, "Dada, tupunguze kidogo? Tukianza polepole hatutaanguka."

Christella alifikiri. Polepole ilikuwa salama kweli. Ingekuwa salama, na ingekuwa maiti.

"Hatupunguzi," akasema, akainua kijiti.

Basi wakaondoka. Nakwambia waliondoka! Fidla zilichomoka pamoja, tarumbeta zikadakia, na ngoma ya Niyongabo ikaingia chini yake kwa nguvu hata viti vya mbele vikatetemeka. Christella alijisikia mwepesi mpaka kwenye kucha. Wamama wa safu ya pili wakaanza kurusha mabega.

Ndipo Mwalimu Viateur, aliyekuwa amekawia nje akisalimiana na watu, akatokea mlangoni.

Hatua, fimbo. Hatua, fimbo. Macho ya wapigaji yakaruka juu ya kichwa cha Christella, yakamshika mzee, na dansi ikaanza kulegea. Selo zikavuta. Tarumbeta zikavuta. Christella aliona kila kitu kikimponyoka. Angeweza kupunguza awafuate, angalau waonekane wako pamoja. Hakupunguza. Aliendelea kupiga mwendo ule ule hewani, peke yake, kama mtu anayegombana na nzi, na watu wengine wakaanza kucheka.

Katikati ya njia Mwalimu alisimama. Na muziki, kwa adabu zake zote, ukakaribia kusimama naye. Mzee akatega sikio. Akapiga hatua moja; ukasogea. Akasimama, ukasubiri. Akaitazama miguu yake, akamtazama Christella na mkono wake unaohangaika, na uso wake ukabadilika.

Akaketi. Si kitini, hapana. Alijishusha sakafuni pale pale, na suti yake nyeusi ya sikukuu, mpaka vichwa vya watu vikamficha kabisa.

Macho ya wapigaji yalikosa pa kwenda. Wakarudi kwa Christella mmoja mmoja, Liliane wa kwanza, na mkono wa Christella ulikuwa bado unakimbia ukiwangoja. Wakaudandia. Eee, walivyoudandia! Ukumbi mzima ulisimama, mpaka waliokuwa madirishani wakaruka ndani, na noti ya mwisho ilizama katika vigelegele.

Wamama wawili walimwinua Mwalimu, wakampangusa vumbi, wakamfikisha jukwaani. Christella alimnyooshea kijiti kwa mikono miwili. Ahadi ni ahadi.

"Ilizorota, Mwalimu. Watu wote wamesikia."

"Mimi ndiyo niliizorotesha. Toka lini?"

"Toka mwanzo."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje, Mwalimu?"

Mzee akaifunga mikono miwili ya Christella juu ya kijiti, akaisukuma irudi kifuani kwa mwenyewe.

"Rudia yote," akasema. "Mimi sijaisikia nzima bado."

Christella alilia waziwazi mbele ya umati, akageuka, na safari hii akaianza kwa kasi zaidi.