Sale Lililokwenda Plymouth

Krismasi ilipokaribia, Dativa aliingia vitani na nyumba yake mwenyewe. Alikuwa nesi, na manesi, kama mama yake Avelina alivyokwisha kuona tangu aje Richfield, Marekani, wakiingia sebuleni hawaoni sebule. Wanaona mahali pa kufia. Mishumaa ya nta ikatolewa, ikaletwa ya betri, ambayo hata nondo angeicheka. Taa za mti zikakaguliwa waya kwa waya. Mti wenyewe ukawa unanyweshwa kila asubuhi kama ndama yatima.

"Mti ukikauka unawaka kama petroli, mama."

"Si ungeuacha huko porini ufe kwa amani?"

Avelina alimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa Plymouth, mji wa jirani, kwa mwanawe wa kwanza, Evodius. Siku ya Pasaka Evodius alikuja kuchoma mbuzi hapa hapa uani, wageni wamejaa, na Dativa akatoka na kipimajoto, akakichomeka kwenye paja la mbuzi, akatangaza kwamba bado mbichi, asile mtu. Evodius alifunika sinia, akampakia mbuzi wake garini angali anatoa moshi, akaondoka. Hajakanyaga tena.

Januari Avelina angerudi kwao Rombo, na kabla ya kupanda ndege alitaka kitu kimoja tu: wanawe wakae meza moja siku ya Krismasi. Alishabembeleza. Alishalia. Alishajifanya mgonjwa, Dativa akampima presha, akaikuta nzuri kuliko yake mwenyewe.

Sasa ikafika zamu ya mimea, kwa sababu ya paka wa Dativa. Mayungiyungi yakatoka kwanza, maana yanaua figo za paka. Vikafuata vijitawi vyenye vitunda vyekundu. Yale maua mekundu ya Krismasi yenye utomvu mweupe yakapandishwa juu ya kabati.

"Na huu pia," Dativa alisema, akigusa chungu pembeni mwa televisheni. "Paka akitafuna majani yake anatapika mpaka anapepesuka. Na nilishaufunga utepe wa sikukuu! Tumpe mtu asiye na paka."

Avelina aliutazama mmea. Aliutambua tangu siku ya kwanza, akacheka peke yake. Lilikuwa sale, lile lile linalopandwa mipakani na makaburini huko Kilimanjaro, limetiwa kwenye chungu kama mfungwa. Dativa alikulia bwenini Dar es Salaam, hakuwahi kuambiwa habari zake. Evodius alilelewa na babu yake. Yeye alijua kwamba mtu aliyekukosea akikuletea sale, umekwisha: lazima usamehe, hata kama hasira imekufika puani.

"Asiye na paka," Avelina alirudia, sauti imejaa asali. "Namjua mmoja."

"Nani?"

"Mtu wa kanisani." Na kweli Evodius alikuwa anasali, kwa hiyo huo haukuwa uongo. "Ila mgongo wangu huu... Ubebe wewe, mwanangu, mpaka kwenye gari la Hemed."

Hemed, jirani yao, mtu wa Tanga, alifanya kazi Plymouth. Dativa alilipakia sale kwenye kiti cha nyuma, akakimbilia ndani kwa baridi. Avelina akabaki. Alilifunika kwa khanga lisiungue na baridi, na jani moja akalipiga fundo, kama desturi ya kuomba msamaha inavyotaka.

"Mama, nikifika kwa Evodius nisemeje?" Hemed aliuliza.

"Sema limetoka mikononi mwa Dativa. Umemwona au hukumwona?"

"Nimemwona."

"Basi usiongeze chumvi."

Jioni simu ikalia.

"Mama," Evodius alisema. "Dativa ameniletea sale."

"Eh! Limefungwa fundo?"

"Limefungwa. Na utepe mwekundu juu yake."

"Na utepe!" Avelina alijiziba mdomo kwa kiganja. "Kumbe imemwuma kiasi hicho."

Jumamosi Evodius alisimama mlangoni, theluji mabegani. Dativa ndiye aliyefungua.

"Nimelipokea," Evodius alisema. "Yamekwisha. Nimekusamehe."

"Umepokea nini?"

"Sale. Si ulimpa Hemed? Lile la kuomba msamaha."

Dativa aligeuka polepole. "Mama. Ule mmea umempa nani?"

"Ulisema mtu asiye na paka."

"Kwa hiyo mimi nimeomba msamaha? Mimi! Yule mbuzi alikuwa mbichi!"

"Alikuwa ameiva!"

"Alikuwa bado analia, kaka!"

"Basi si wewe uliyelituma," Evodius alisema, na mkono ukaanza kutafuta zipu ya koti.

Avelina alitafuta mzaha wa kumzuia. Maisha yake yote hajawahi kuukosa. Leo aliukosa.

"Nimeliweka dirishani," Evodius alisema, akizungumza na zipu. "Kila asubuhi nalizungusha lipate mwanga. Nilidhani ni wewe."

Dativa alitazama theluji ya viatu vya kaka yake ikianza kuwa maji.

"Mbuzi alikuwa mbichi," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Lakini ningekuita jikoni nikakuambia peke yako. Nilikuaibisha mbele za watu. Nisamehe, kaka."

"Si nimeshasamehe? Unataka mara ngapi?"

"Basi vua viatu, unanilowanishia sakafu, mama atateleza. Na kwa kuwa Mungu alikupa urefu, nibadilishie betri ya king'ora cha moshi."

Evodius akavuta kiti.

"Si hicho! Kina magurudumu!"

"Nimepanda vibovu kuliko hiki."

"Shuka! Evodius, nasema shuka!"

Avelina alitaka kuwaamua, kisha akajiona mjinga. Akaenda zake jikoni, akaongeza ndizi sufuriani.