Gari Limepanda

Gari liliposhushwa kutoka kwenye jeki, halikushuka. Ndivyo lilivyoonekana machoni pa Nusutangi. Fundi alizungusha mpini, matairi mapya yakagusa sakafu ya gereji, springi zikalalamika kidogo, na gari likabaki kule kule juu, kifua mbele, kama karani aliyepandishwa cheo asubuhi hiyo.

Jina la Nusutangi alibandikwa na madereva wenzake enzi za kazi, kwa kuwa hakuwahi kuacha mafuta yashuke chini ya nusu ya tangi. Walimcheka wee, lakini zilipokuja safari za mbali, kila bosi alimtaka yeye. Alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akifunga mlango wa nyumba, aliusukuma. Akifika getini, alirudi kuusukuma tena. Kustaafu hakukumponya ugonjwa huo.

Safari hii alikuwa na sababu. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa mgonjwa, na alikaa ng'ambo ya kilima, mwisho wa njia ambayo mvua na malori yalikuwa yameichimba hadi ikabaki mitaro miwili na tuta refu katikati. Mara ya mwisho walipojaribu kwenda, tumbo la gari lilikwama juu ya tuta hilo, matairi yakabaki yakizunguka bure, wakavutwa kwa trekta kurudi walikotoka. Njia nzima mkewe alikumbatia mkoba wake akatazama dirishani. Tangu hapo ndugu hao wawili walionana kwa sauti tu, kwenye simu, na sauti ya mdogo ilikuwa ikizidi kufifia. Jambo hilo lilimkosesha Nusutangi usingizi. Aliapa moyoni kwamba mkewe atafika kwa mdogo wake, hata kama gari litabidi livuliwe nguo zote.

Na kweli lilivuliwa. Fundi alitoa springi zilizochoka akaweka nene zaidi, akafunga shokapu ndefu, akabadilisha na paipu za breki ili zisije zikakatika gari likiinuka. Nusutangi hakutoka gereji. Alivaa ovaroli la fundi, akalala chini ya gari akapapasa kila nati. Alimwamuru fundi akate usukani kushoto, kisha kulia, ili aone kama tairi jipya litakwaruza madigadi.

"Mzee, hapo si tumeshapima?" fundi aliuliza.

"Tumepima. Pima tena."

Mkewe alifika mchana, kama walivyoagana, amevaa gauni lake la safari na mkobani ana shuka laini na mafuta ya kumpaka mgonjwa. Alilizunguka gari taratibu, akalitazama juu hadi chini. Nusutangi alisubiri kusifiwa. Alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani, injini inanguruma, mshale wa mafuta umesimama panapostahili.

Mama yule alifungua mlango wa upande wake. Kizingiti kilimfika karibu na kiuno. Akashika kitasa, akainua mguu, goti likakataa. Akabadilisha mkono, akajaribu tena, akarudi chini akihema. Fundi akajitia kutafuta spana.

"Mzee," aliita mkewe.

"Naam."

"Gari umelipandisha."

"Nimelipandisha," alijibu Nusutangi kwa fahari.

"Haya. Sasa nani atanipandisha mimi?"

Fundi aliangua kicheko, kisha akakimeza haraka. Nusutangi alizima injini. Kwanza ilimpanda hasira, ile hasira ya mtu aliyekamatwa.

"Hilo goti limeanza lini?"

"Mwaka juzi."

"Na hukuniambia?"

"Nikuambie nini?" Mkewe hakupandisha sauti. "Nilikuwa najivuta. Mkono mmoja mlangoni, mwingine kwenye kiti, napanda hivyo hivyo kila siku. Wewe unakuwa umeshakaa, umewasha, macho kwenye geji ya mafuta."

Nusutangi alijaribu kukumbuka siku moja, moja tu, aliyomwona mkewe akipanda gari. Hakuipata. Alichokijua ni mlio wa mlango wake. Ukisikika, aliingiza gia, basi. Miaka yote hiyo mkewe alikuwa akitokea pembeni yake tu, tayari amekaa, na hakuwahi kujiuliza amefikaje pale. Aliona aibu, aibu ya kweli, inayochoma masikio.

"Nitachomelea kikanyagio," fundi alisema. "Ila chuma chake sina. Labda kesho kutwa."

"Mdogo wangu ananisubiri leo," alisema mama.

Fundi akakimbia akaleta kreti la plastiki. Mama alipolikanyaga tu, likapinda. Fundi akakuna kichwa. "Basi nikubebe, mama?"

"Mwanangu, mimi si gunia."

Ndipo Nusutangi aliposhuka. Alizunguka mbele ya gari, na suruali yake iliyopigwa pasi akapiga goti moja kwenye sakafu iliyolowa oili, paja lingine akalitega.

"Kanyaga."

"Suruali yako, mzee!"

"Kanyaga, bibi we. Mwenye suruali nimeshasema."

Mama alicheka, akavua kiatu, akaweka mkono juu ya upara wa mumewe. Nusutangi alijikaza kupokea uzito aliouzoea. Haukuja. Mguu ulikanyaga, ukatulia, ukaondoka, naye akabaki amejikaza bure. Mkewe alikuwa amepungua hivi lini?

Njiani tuta lilipita chini ya gari bila kugusa chochote. Ilikuwa saa aliyoiota kwa wiki nyingi, na ilimpita hivi hivi, kwa kuwa muda wote alikuwa akilitazama goti la mkewe likitikisika.

Mgonjwa alikuwa ametolewa kibarazani, kwenye kiti, amefunikwa hadi kifuani. Mikono iliyokuwa juu ya shuka ilikuwa myembamba mno. Nusutangi alizima injini, akazunguka, akafungua mlango. Mkewe aliinama akamshika shingoni, naye akamteremsha polepole, mgongo ukimlalamikia.

"Shemeji!" sauti hafifu iliita kutoka kibarazani. "Leo kuna harusi huko?"

Nusutangi alitaka kujibu utani. Lakini miguu ya mkewe ilikuwa imeshagusa ardhi, na mikono haikumwachia. Alikuwa ameuficha uso begani kwake, mgongo ameugeuzia kibaraza.

"Ngoja kidogo," mkewe alinong'ona. "Usiniachie kwanza."

Nusutangi hakumwachia.