Mume Niliyeoteshwa

Hasira zangu haziji upesi, lakini zikija zinakaa kama shemeji aliyekuja msimu wa korosho. Safari hii aliyezileta ni kaka Dickson.

Dickson ni mtu wa ofisini kule bandarini, shati lake limenyooka hata siku ya kufua, na kanisani kwetu hapa Chuno ndiye mwenye karama. Akinena kwa lugha, mabati yanatetemeka. Akisema "Bwana amenionyesha," hata Mchungaji Isaya anafunga mdomo. Karama yake siikatai. Aliuombea mguu wa mke wa Fredi, muumini mwenzetu, ukapona, nilikuwepo, niliuona ule mguu.

Ila Jumatano moja, katikati ya maombi, alifumbua macho akamnyooshea kidole Pendo mbele ya watu wote.

"Dada Pendo! Bwana amenionyesha kuwa wewe ni mke wangu. Nimeoteshwa!"

Watu wakaitikia amina. Wanawake wenzangu, Mungu awasamehe, wakapiga vigelegele. Posa ikaishia hapo. Hakuna aliyemgeukia Pendo kumwuliza.

Pendo ni mwalimu, kwao Songea, amepanga chumba kwangu. Alirudi nyumbani akakaa mkekani bila hata kuvua viatu, chakula akakikataa.

"Unampenda?" nikamwuliza.

"Hapana, bibi."

"Basi si umwambie?"

"Nitamwambiaje Mungu hapana?"

"Kwani aliyekuposa ni Mungu? Mimi nimemwona Dickson."

"Bibi, usikufuru. Mchungaji anasema nikiyakataa maono nitakuwa nimemzimisha Roho. Jumapili wanatangaza uchumba." Akaanza kulia, kwa kwikwi, kama mtoto aliyepigwa akakatazwa kulia.

Jirani yangu Ashura, mwuza vitumbua, alikuwa anasikia yote ng'ambo ya ua. Akachungulia na mwiko mkononi.

"Sisi tukitaka mtoto wa watu tunapeleka mshenga," akasema. "Na mtoto anaulizwa. Nyie Wakristo mshenga wenu ni Mungu mwenyewe? Mahari mnampelekea nani sasa, malaika?"

Kanisa langu limegeuzwa kichekesho uani kwangu. Hapo ndipo nilipochukia kwelikweli.

Nikaenda kwa Mchungaji.

"Mama Martha," akasema, "karama ya mtu haihojiwi."

"Sihoji karama, nahoji tabia. Dickson anavyomfokea mlinzi wa hapa kanisani umemsikia? Yule kijana wa bajaji aliyetupiwa nauli kwenye tope kwa sababu alichelewa, hukumwona? Mchungaji, mkorosho ukijaa maua kila mwaka na korosho hatuzioni, sisi tunaufanya kuni."

"Tabia inakua polepole, mama. Tumwombee."

"Basi na uchumba nao ukue polepole."

Akatazama saa yake. Nami najua mtu akitazama saa ana maana gani, nikaaga.

Sasa, mimi nyumbani mwa Bwana sisemi uongo. Kwa hiyo Jumamosi nililala mapema, nikamfikiria Dickson kwa nguvu zangu zote, nikaomba, "Bwana, niletee huyo mtu nimwote." Akaletwa. Nilimwota ananibebea ndoo ya maji kutoka bombani, jasho linamtoka, mimi nimetangulia mbele na kanga mpya. Niliamka nacheka peke yangu.

Jumapili, kabla ya matangazo, ukafika muda wa shuhuda. Nikasimama na fimbo yangu.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Wapendwa, usiku wa kuamkia leo nimemwota kaka Dickson. Alikuwa nyumbani kwangu, ananichotea maji kama mume. Mimi ni mjane, sina mtu. Naomba tangazo letu lisomwe leo leo."

Kicheko kilianzia kwa vijana wa kwaya, kikaja mbele kama mawimbi. Dickson akainuka.

"Bibi, acha mzaha madhabahuni!"

"Mzaha gani, mume wangu? Nimekuota. Au ndoto za wanaume ndizo za Mungu, za vikongwe ni za kushiba ugali?"

"Una pepo! Mzoga wa kizee, nani akuoe? Mchawi mkubwa wewe!"

Mtu akadondosha tarumbeta. Mimi sikukasirika, maana nilishakasirika tangu Jumatano, hasira nyingine ningeiweka wapi?

"Kaka Dickson," nikasema taratibu, "mimi nimekuomba wewe tu, na angalau nimekuacha useme. Umesema hapana, nami nimesikia. Mbona hakunitokea malaika wa kunichapa? Pendo ulimwacha aseme lini? Upole uko wapi, uvumilivu uko wapi, kiasi kiko wapi? Roho gani huyo anakupa macho ya kuona ndoto, asikupe masikio?"

Pendo akasimama. Akakishika kiti cha mbele yake.

"Mimi sijaonyeshwa kitu," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia kwa nguvu. "Sijaonyeshwa kitu! Mungu akiwa na neno na mimi, chumba changu anakijua. Kaka Dickson, sikutaki. Mchungaji, usitangaze."

Mchungaji Isaya akaitazama karatasi ya matangazo, akaikunja, akaomba wimbo wa sadaka. Tukaimba, kila mtu kwa ufunguo wake.

Mnadhani yaliishia hapo? Wiki iliyofuata wazee wa kanisa wakaniita. Walikaa kwenye viti vya plastiki, nyuso zimekunjamana, wakaniambia nimesimamishwa kutoa shuhuda mpaka nitubu, kwa kuleta dhihaka ibadani.

"Na Dickson, aliyeniita mzoga mbele ya madhabahu, mmemwita lini?"

Mmoja akakohoa. "Kaka Dickson ana karama, mama. Jumatano anaongoza maombi."

Nilitaka kusema mengi, na mengine si ya kusemwa na mwanamke aliyeokoka. Nikaifunga kanga yangu vizuri, nikasimama.

"Basi Jumatano hiyo mwambieni akiona maono mengine ya binti wa mtu, kwanza aende kwao akabishe hodi. Kutubu nitatubu, mkishanionyesha dhambi. Mimi nakwenda. Pendo sasa anakula tena, na ameanza na mihogo yangu yote."