Kitufe cha Herufi Tisa

Kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja walimwita Bi Koma, kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, na hakuna alama ya mkato iliyopita mezani kwake bila kibali. Pili, hilo ndilo neno alilowaambia wapanga chapa walipoanza kubishana naye.

Alipostaafu, kalamu yake nyekundu haikustaafu. Alisahihisha karatasi za maelekezo zinazokaa ndani ya pakiti za dawa. Alisahihisha tangazo la kukatika maji lililobandikwa getini. Mwenye duka la jirani, alipolazimika kuandika upya ubao wake kwa mara ya tatu, alimwomba mume wa Bi Koma, kwa heshima zote, amtafutie mkewe shughuli.

Mume alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa maneno machache. Alimpigia simu mkwe wao, mke wa mtoto wao wa pekee, ambaye ni fundi wa kompyuta hospitalini. Jumamosi asubuhi mkwe akaja na kompyuta ya mezani, kioo chake, na kibodi iliyofutika herufi E.

"Hospitali imeitoa kazini," alisema, akichomeka nyaya juu ya meza ya chakula. "Ina miaka tisa, lakini haina ugonjwa, mama. Nimeifuta yote. Sasa naiwekea mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuubadilisha."

"Anaruhusiwa na nani?"

"Na hao walioutengeneza."

"Wameandika hivyo?"

"Wameandika. Kurasa kumi na mbili."

Bi Koma akaomba kuziona. Alizisoma zote, akakuta makosa mawili, akasema mfumo unaweza kuwekwa.

Walipoulizwa lugha wakachagua Kiswahili. Kisha Bi Koma akaamuru mengine. Herufi zikuzwe mara mbili. Rangi ya nyuma iwe ya karatasi ya gazeti, bila picha ya mlima. Ule upau wa vitufe uliokuwa chini uhamie kushoto, kwa sababu ukurasa huanzia kushoto. Kishale kikawa kikubwa kama kidole gumba. Mume aliomba kitu kimoja tu, mchezo wa karata, na mkwe akamwekea.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya amani. Ya pili, mume akiwa amebakiza karata nne ashinde, mchezo uliganda. Kikatokea kisanduku chenye vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa "Subiri". Kingine kiliandikwa "Ua".

Alifikiri. Alikuwa amesubiri vya kutosha, na maua hayakuwahi kumdhuru mtu. Akabonyeza "Ua". Mchezo ukatoweka na karata zake zote.

"Nilidhani wanataka kunionyesha ua," alimweleza mkewe.

Bi Koma alivaa miwani akaketi mbele ya mashine kwa mara ya kwanza akiwa peke yake. Alipitia menyu moja baada ya nyingine. Mahali pa kuhifadhi kazi paliandikwa "Okoa faili", bila kusema faili limo hatarini kwa sababu gani. Mahali pa kufunga programu paliandikwa "Toka", neno ambalo yeye hakuwahi kumwambia hata paka. Alipofuta barua moja ya majaribio, mashine ilimjulisha: "Faili 1 zimefutwa." Aliacha chai yake ikapoa.

"Mwanangu," alimwambia mkwe kwenye simu, "ulisema mtu yeyote anaruhusiwa kubadilisha."

Jumamosi iliyofuata mkwe akamwonyesha. Maneno yote ya mfumo yalikaa kwenye mafaili marefu, mstari kwa mstari. Ukiyahariri kisha ukayarudisha mahali pake, menyu hubadilika. Kwa kuwa hatua ya kuyarudisha ilikuwa na mizunguko, alimtengenezea kitufe kimoja upande wa kushoto. Bi Koma alikiita "Chapisha".

Kwa wiki tano alichapisha kila siku. Mume alipoketi kucheza hakuweza kutabiri atakuta nini. Neno alilolizoea jana leo lilikuwa jingine, na keshokutwa lingerudi likiwa na kiambishi. Hakulalamika. Aliacha kusoma, akakariri vipimo: mchezo wa karata ulikuwa sentimita sita kutoka juu, mbili kutoka kushoto.

Wiki ya sita mashine iliomba ruhusa ya kujisasisha. Bi Koma akakubali, kwa kuwa iliomba vizuri. Ombi lile alikuwa amelisahihisha mwenyewe. Ilipowaka tena, kila neno lilikuwa limerudi lilivyokuwa. "Okoa faili." "Toka." "Ua."

Alikwenda uani akaanua nguo ambazo hazijakauka, akazikunja hivyo hivyo.

"Mama, hayo uliyabadilisha kwako tu," mkwe alimweleza jioni ile. "Likija toleo jipya linafunika. Ukitaka yakae, wapelekee wanaotunza tafsiri. Wakikubali, yanakwenda kwa kila mtu."

"Wako wangapi?"

Mkwe akatazama. "Wa Kiswahili ni mmoja."

Bi Koma akaandika upya masahihisho yake yote, mia tatu na kumi na mawili, kila moja na sababu yake, akamtumia mtu huyo. Zikapita siku ishirini. Siku ya ishirini na moja jibu likaja.

Aliyejibu alikuwa mtumishi wa kituo cha hali ya hewa, mahali palipo mbali na kila kitu. Kazi yake ilikuwa kusoma vipimo vya mvua na upepo kila baada ya saa tatu. "Katikati hapo huwa sina la kufanya," aliandika, "ndipo nilipoanza kutafsiri. Mwaka huu ni wa kumi na moja. Hakuna aliyewahi kuniandikia, hata kunitukana. Asante sana, mama." Alikuwa amekubali masahihisho mia tatu na sita. Sita aliyakataa, na la kwanza lilikuwa la "Ua".

Bi Koma alikuwa amependekeza "Lazimisha kufunga". Mtu wa hali ya hewa alieleza kwamba kitufe kile kinabeba herufi tisa. Kinachozidi hukatwa. "Kitabaki 'Lazimisha' peke yake," aliandika. "Mimi mwenyewe ningeogopa kukibonyeza."

Bi Koma alisoma hayo mara mbili, akavua miwani. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amewakatia waandishi vichwa vya habari visivyoenea kwenye safu, na hakuwahi kumwonea huruma hata mmoja. Haikuwa imempitia akilini kwamba kitufe nacho ni safu.

"Baba," alimwita mumewe, "lete rula yako."

Alileta rula, na daftari. Kwa siku tatu mpima ardhi alipima kila kitufe kilichokuwa na ugomvi, akamwandikia mkewe upana na idadi ya herufi zinazoenea. Kazi aliifanya taratibu, na usoni alionekana kama mtu aliyerudishiwa eneo lake. Walipofika kwenye kitufe cha herufi tisa wakakwama. "Zima" lilishatumika kwingine. "Komesha" Bi Koma alilikataa bila maelezo.

"Siku ile mchezo wangu haukuuawa," mume alisema. "Ulikatishwa."

Bi Koma alihesabu kwa vidole. Herufi saba. Akaliandika "Katisha", na kwenye nafasi ya sababu akaandika: mtumiaji aliyeathirika ameridhia.

Toleo jipya lilitoka miezi miwili baadaye. Waliketi wote wawili kulisubiri lijipange, na lilipowaka Bi Koma alifuta faili moja makusudi. "Faili 1 limefutwa," mashine ikasema. Alitikisa kichwa kukubali, akafuta jingine.

Jumatatu yake mtoto wao, mtunza ghala, alipiga simu kutoka kazini. Mkewe alikuwa amewawekea mfumo huo huo pale ghalani.

"Mama, sijui hawa watu wamefanya nini. Maneno yote yamebadilika. Nimezoea 'Okoa', sasa siioni. Hivi nani anawatuma?"

"Pameandikwaje sasa?"

"Hifadhi."

"Na wewe unataka kufanya nini?"

"Kuhifadhi."

"Basi bonyeza hapo, mwanangu, nina kazi," alisema Bi Koma, akakata simu. Mtu wa hali ya hewa alikuwa amemtumia mistari elfu nne ya programu ya kuandikia barua, na ndiyo kwanza alikuwa mstari wa tisini.