Ngazi ya Kwenda kwenye Mapipa

Pipa la bia lilipoisha mchana ule, Enid alishuka ghala la chini ya baa kuunganisha jingine kwenye mrija wa kaunta, akafika katikati ya ngazi na kuketi. Magoti yalikuwa yamegoma. Juu, watalii waliofika mji wa York, Uingereza, walikuwa wakiyapiga picha maboriti ya mwaloni yaliyopinda ndani ya baa yake, na mmoja alishajigonga kichwa.

"Bibie, umelala huko?" aliita Wilf, mteja wake tangu enzi za marehemu mumewe.

"Nimechoka, Wilf. Baa hii namwachia mwingine."

Mzee alishuka polepole, akishika ukuta, akaketi kando yake. "Nyumba imeinama hivi tangu babu yangu alipokuwa akinywa humu, na haijaanguka."

"Mimi si mti wa mwaloni."

Wilf alitaka kumbishia, lakini alipomtazama usoni akaacha. "Kweli. Umetubeba vya kutosha." Akainuka, akaenda kuunganisha pipa mwenyewe. Povu likamrukia hadi kwenye kofia, naye akatukana.

Enid hakwenda kumsaidia. Juu walikuwa wakigonga kaunta na kumwita. Aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, akawaacha waite.