Jina la Kumi na Tano

Aleyamma alijaliwa sauti, hilo hata wasiompenda walikiri. Ndiyo maana Ijumaa ile ya maombi ya amani na uponyaji, Padri Kuriakose alimpa yeye kusoma. Akayaombea mataifa yanayopigana, moja baada ya jingine, akawaombea wakimbizi na yatima, mpaka akina mama wakafuta machozi kwa ncha za shela. Kisha akaingia kwenye orodha ya wagonjwa wa kanisa lao. Kila jina, watu waliitikia, "Bwana, rehemu."

Majina yalikuwa kumi na tano. Alisoma kumi na manne.

La mwisho lilikuwa la Shoshamma, mke wa kaka yake, ambaye kesho yake alikuwa akienda kupasuliwa uvimbe tumboni katika hospitali ya mji wa Kottayam. Usiniambie hakuliona! Aliliona, akakunja karatasi. Na kisa chenyewe, jamani, ni mchuzi wa samaki. Miaka mitatu nyuma, siku ya uchumba wa binti wa Aleyamma, Shoshamma alionja akasema mbele ya wakwe, "Wifi, leo chumvi umemwaga na kopo lake?" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo hata salamu hakuna.

Akarudi kukaa. Bibi mmoja alishajikalia mahali pake, na nafasi iliyobaki ilikuwa moja tu, mbele ya Shoshamma. Akaketi, shingo ngumu.

Ukafika wakati wa kupeana amani. Kwao amani haigawiwi ovyo. Hutoka madhabahuni, padri humpa shemasi, shemasi humpa wa mbele, naye humgeukia wa nyuma yake, viganja ndani ya viganja, mpaka mlangoni. Ikikatika njiani, wa nyuma hawapati kitu. Aleyamma akaipokea, akageuka. Shoshamma alikuwa amekwisha kunyoosha mikono, imekonda, mifupa mitupu. Nyuma yake walipanga mstari wajane na vikongwe, wanangoja.

Aleyamma hakuweza kusogeza mkono. Kikongwe Kunjeli akakohoa, "Vipi huko mbele, mmelala?"

Shoshamma akainama, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira hata chembe, "Wifi, nipe tu niwapitishie hawa wa nyuma. Mimi sitabaki nayo."

Loo! Laiti angetukanwa. Damu ilimpanda Aleyamma usoni, masikio yakawaka moto. Ameombea nchi asizozijua zilipo, na mgonjwa wa nyumbani kwao amemnyima neno moja. Akaitia ile mikono ndani ya yake. Ilikuwa baridi na inatetemeka, na hapo ndipo alipoelewa kuwa mwenzake anaogopa kufa. Shoshamma akageuka, akampa Kunjeli amani yake kwa viganja vyote viwili, kama alivyoahidi.

Aleyamma akainuka. Akapita katikati ya kanisa mpaka mbele, watu wakimkodolea macho.

"Kuna nini, mama?" Padri Kuriakose akanong'ona.

"Kuna jina limebaki, Padri."

"Ah, si neno. Binadamu husahau."

Mlango wa kutorokea huo, amefunguliwa na padri mwenyewe. Angeupitia, nani angejua? Yeye na Shoshamma tu.

"Sikusahau," akasema Aleyamma akiwageukia watu, na ile sauti yake iliyosifiwa ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. "Nililiruka kwa makusudi. Naona aibu, ndugu zangu. Tumwombee Shoshamma, wifi yangu."

Mtu akaguna upande wa wanaume. Halafu, kwanza kikongwe Kunjeli, kisha wote, wakaitikia, "Bwana, rehemu."

Sauti moja haikusikika, ile iliyowaitikia wagonjwa wengine wote kumi na wanne. Shoshamma alikuwa amejifunika shela uso mzima, analia.