Kufuli Moja, Pamba Moja

Usiku wa jana niliota nimeingia ndani ya kiini cha kompyuta yangu, ile yenye tabia ya kuganda bila sababu. Kumbe ni stoo ya mama mkwe. Nimekuja kuchukua pete, maana asubuhi namwoa Mwanakheri.

"Jifungie, kisha tia pamba sikioni," linasema kufuli la mlango. "Humu ukisikia hodi lazima uitikie karibu, na mgeni akiingia, husogei mpaka amalize shida yake."

Nafunga, natia pamba. Pete imo chumba cha ndani, nacho kina kufuli lake, dogo, lenye maringo. Naingia, nafunga, natia pamba ya pili juu ya ile ya kwanza.

Nachukua pete, nafungua kufuli dogo, narudi stoo. Furaha imenijaa. Nachomoa pamba zote mbili.

"Hodi!"

"Karibu!" naropoka.

Saa ya ukutani inapenya kwenye tundu la ufunguo na kujikung'uta vumbi.

"Shida yangu hili kufuli la stoo lifunguliwe, nilete asubuhi," inasema.

"Nitalifungua ukiondoka. Wewe ukiwepo siwezi kusogea."

"Nami siondoki mpaka lifunguliwe."

Tunatazamana. Tunaganda. Huko nje vigelegele vya harusi yangu vimekwama kwenye "li", na Mwanakheri kaganda na hina mkononi, haikauki. Nataka kulia kwa uchungu, chozi nalo limeganda.

"Umefungua kufuli moja, ukatoa pamba mbili," kufuli la stoo linaninong'oneza. "Mimi ulinisahau?"

Mama mkwe, mtu asiye na subira, anazima meni swichi na kuiwasha tena.

Naanza upya. Kufuli, pamba. Kufuli, pamba. Pete. Nafungua kufuli dogo, natoa pamba moja tu. Saa inabisha hodi weee, mimi sina habari. Nafungua kufuli la stoo, nanyoosha mkono nitoe pamba ya mwisho, nikaamka.

Jua lilikuwa limepanda na mlango wa chumba changu ulikuwa ukitikisika kimyakimya. Nikafungua kufuli. Shemeji Athmani, kaka yake Mwanakheri, alisimama na kanzu yake, anafumbua mdomo na kufumba, sauti haitoki. Akanivuta kichwa, akachomoa kitu sikioni mwangu.

"Tunapiga hodi tangu alfajiri!" akafoka. "Pamba hutiwa maiti, shemeji, siyo bwana harusi!"

Nikageuka kuutazama mlango. Una kufuli moja tu. Nikashusha pumzi.

"Karibu," nikasema.